Kicheko na Haki: Wachekeshaji wa Siasa na Upendeleo wa Vyombo vya Habari

(Mada iliyotolewa kwa wenyeviti wa jumuiya ndogo ndogo za Kikristu na wajumbe wa halmashauri za parokia)



Huenda baadhi yenu mlipoliona jina la mada hii mlijiuliza: Tume ya Haki na Amani ina habari gani na wachekeshaji? Tumezoea kukutana ili kuzungumza juu ya mashamba yaliyonyakuliwa, juu ya mahabusu wasio na wakili, juu ya uchaguzi na matumizi ya fedha za umma. Kicheko tumekiona kuwa ni jambo la jioni, baada ya kazi, wala si jambo la semina.

Lakini katika mazungumzo yetu na jumuiya tumeona mambo mawili ambayo hayaturuhusu kunyamaza. La kwanza ni kwamba waumini wengi, hasa vijana, hupata habari za serikali yao kwanza kwa mchekeshaji na baadaye kwa mwandishi wa habari, au hawafiki kabisa kwa mwandishi. La pili ni kwamba maneno yanayotuumiza zaidi wakati wa uchaguzi mara nyingi huanza kama mzaha. Mtu hulitamka neno jukwaani, watu hucheka, kesho linarudiwa sokoni, na keshokutwa linaandikwa ukutani mwa nyumba ya jirani.

Kwa hiyo leo tunataka kusema jambo moja, nalo ni hili: kila kicheko cha siasa kina upande wake. Mkristu anayetafuta haki hana budi kuuliza, kabla ya kukirudia kichekesho, ni nani anayechekwa, na ni nani ambaye hachekwi kamwe.

1. Vicheko viwili katika Maandiko

Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 18, tunamwona nabii Eliya juu ya mlima Karmeli. Amesimama peke yake. Mbele yake wapo manabii 450 wa Baali, watu wenye kibali cha malkia Yezebeli. Wamemwita mungu wao tangu asubuhi hata adhuhuri, wala hakuna aliyejibu. Ndipo Eliya anapoanza kuwadhihaki. Anawashauri wapaze sauti zaidi, maana huenda mungu wao ana shughuli, au yuko safarini, au amelala. Hiki ni kicheko cha mtu asiye na ulinzi wowote, akiwacheka wale walio na ikulu nyuma yao, mbele ya umati ulioogopa kusema kwamba madhabahu ile haina moto.

Kicheko cha pili tunakisoma kila mwaka katika Juma Kuu. Mwinjili Mathayo, sura ya 27, anatueleza jinsi askari walivyomvika Yesu vazi la rangi nyekundu, wakamtia taji ya miiba na mwanzi mkononi, kisha wakampigia magoti kwa kumfanyia mzaha. Huo nao ulikuwa mchezo wa kuigiza. Ulikuwa na mavazi, ulikuwa na maneno ya kuchekesha, na bila shaka watazamaji walicheka. Lakini aliyechekwa alikuwa mfungwa aliyefungwa mikono. Mwinjili Luka, sura ya 23, anaongeza neno ambalo tunaomba mlikumbuke. Anasema kwamba Herode na askari wake nao walimdhihaki Yesu, na kwamba siku ileile Herode na Pilato, waliokuwa maadui hapo kwanza, wakawa marafiki. Wakubwa waliogombana walipatana juu ya mgongo wa mnyonge waliyemcheka pamoja.

Ndugu zangu, hivyo ndivyo vicheko viwili tutakavyovitumia kama kipimo leo. Hata hivyo, yatupasa kusoma hadi mwisho. Habari ya Karmeli haikuishia katika kicheko. Iliishia katika kijito cha Kishoni, ambako manabii wale wote waliuawa. Na mara tu baada ya hapo tunamwona Eliya akikimbilia nyikani, amechoka, akiomba afe. Hata kicheko kilichoanza upande wa haki chaweza kuishia katika damu, kama hakuna anayekiwekea mpaka.

2. Wakati kucheka kulipokuwa kosa

Wazee waliomo humu wanazikumbuka siku za Sauti ya Kenya, ambayo mwaka 1989 ilirudia jina la KBC. Televisheni ilikuwa moja, redio ilikuwa moja, na zote zilikuwa za serikali. Taarifa ya habari ilianza na Rais, hata kama siku hiyo Rais alikuwa amehudhuria ibada tu. Mafuriko yaliyoua watu yaliweza kungoja.

Katika miaka ile vichekesho vilikuwapo. Tulikuwa na Vitimbi na Vioja Mahakamani, na tulivipenda. Lakini tukumbuke ni nani aliyesimama kizimbani katika mahakama ile ya vioja: mwizi wa kuku, mlevi, tapeli wa mtaani, mume aliyekimbia nyumba yake. Hatukumbuki kumwona waziri aliyeiba. Hatuwalaumu waigizaji wale. Wao walifanya kazi nzuri katika chumba kidogo walichopewa. Tunasema tu kwamba upendeleo wa chombo cha habari haukuwa katika taarifa ya saa moja peke yake. Ulikuwamo hata ndani ya kichekesho. Maskini alichekwa kila juma, na mkubwa alipumzika.

Waliojaribu kuligeuza jambo hilo walilipa gharama. Marehemu Wahome Mutahi, aliyeandika safu ya Whispers katika gazeti la Jumapili, alikamatwa mwaka 1986 kwa tuhuma za kuhusika na kundi la Mwakenya, akapitishwa Nyayo House na kufungwa gerezani. Alipotoka aliandika riwaya juu ya mateso ya wafungwa wa siasa, akaiita Three Days on the Cross, nayo ikachapishwa mwaka 1991. Aliendelea kutuchekesha hadi alipofariki mwaka 2003. Wasomaji wake watakumbuka kwamba hakuicheka serikali peke yake. Alijicheka yeye mwenyewe, mume mlevi na mwoga mbele ya mkewe. Aliwacheka makatekista na mapadri wamisionari waliomlea. Ndiyo sababu tulimwamini: yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kukaa kizimbani.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 vijana watatu kutoka Chuo Kikuu cha Kenyatta, waliojiita Redykyulass, walianza kuiga hadharani sauti na mwendo wa Rais Daniel arap Moi. Wengine wetu tulipowaona mara ya kwanza katika televisheni tulitazama mlangoni kabla ya kucheka. Hofu iliyokuwa imekaa nchini kwa miaka mingi ilianza kulegea sebuleni, watoto wakiwa wamekaa sakafuni. Mwaka 2009 kikaja kipindi cha vikaragosi kiitwacho XYZ Show, kilichobuniwa na mchoraji Gado, mzaliwa wa Tanzania. Ndani yake viongozi wote wakubwa, wa serikali na wa upinzani, walifanywa vikaragosi.

Wapo wanaosema kwamba vita hivyo vimekwisha. Havijakwisha. Nchini Tanzania, mwezi Mei 2020, mchekeshaji Idris Sultan alikamatwa baada ya kusambaza video iliyomwonyesha akiicheka picha ya zamani ya Rais. Hakutamka tusi, alicheka. Hapa kwetu, mwezi Desemba 2024, kijana mchoraji ajulikanaye kama Kibet Bull, aliyekuwa akichora vivuli vya kumkejeli Rais, alitekwa na watu wasiojulikana. Aliachiliwa Januari 2025, baada ya familia, mawakili na wananchi kupiga kelele. Mwezi Aprili 2025 wanafunzi wa Shule ya Wasichana ya Butere walifika Nakuru kwa mashindano ya kitaifa ya maigizo wakiwa na mchezo uliosema juu ya utawala, na polisi wakatumia mabomu ya machozi mahali palipokuwa na watoto.

Basi Tume yetu inasema waziwazi: kumcheka mwenye mamlaka si dhambi wala si uhaini. Kifungu cha 33 cha Katiba ya mwaka 2010 kinamlinda mtu anayetoa maoni yake, na hakisemi kwamba maoni hayo ni lazima yawe na uso mzito. Kiongozi asiyeweza kuchekwa ataanza upesi kuamini kwamba hawezi kukosea.

3. Kila mwamba ngozi huvutia kwake

Tukiisha kusema hayo, ni lazima tuendelee mbele. Wengi wetu tumefanya haraka kumfanya mchekeshaji kuwa nabii. Tunasema, "Magazeti yamenunuliwa, huyu ndiye msema kweli." Je, ni hivyo?

Tuangalie kwanza jinsi upendeleo unavyofanya kazi katika chombo cha habari. Watu hudhani kwamba upendeleo ni kusema uongo. Mara chache sana huwa hivyo. Upendeleo hufanya kazi kwa kuchagua. Mhariri anachagua habari ipi iwe ya kwanza na ipi iwekwe ukurasa wa 20. Anachagua picha: mgombea mmoja huonyeshwa akiwapungia mkono maelfu, mwingine akijifuta jasho. Anachagua neno: watu walewale barabarani huitwa "waandamanaji" na gazeti moja na "wahuni" na jingine. Na juu ya yote anachagua kunyamaza. Msomaji hawezi kulalamikia habari ambayo hakuiona.

Kwa nini wanachagua hivyo? Baadhi ya redio na televisheni zetu ni mali ya wanasiasa au ya jamaa zao. Nyingine zinategemea matangazo ya biashara, na mtangazaji mkubwa kupita wote nchini ni serikali yenyewe. Mwezi Machi 2024 serikali iliagiza kwamba matangazo yake ya redio na televisheni yapelekwe KBC. Kituo kilichozoea kulipa mishahara kwa fedha hizo kilielewa ujumbe bila kufafanuliwa. Na pale ambapo fedha hazitoshi kunyamazisha, umeme huzimwa. Mwezi Januari 2018 vituo vitatu vikubwa vya televisheni vilifungwa kwa siku kadhaa kwa sababu ya kuonyesha sherehe ya kiapo cha kiongozi wa upinzani.

Sasa tujiulize: mchekeshaji anasimama wapi? Anasimama katika jukwaa la vyombo hivyohivyo. Kipindi chake kinalipiwa na matangazo yaleyale. Mwenye televisheni anaweza kumruhusu amcheke Rais na asimruhusu kamwe kuicheka kampuni inayodhamini kipindi. Anaweza kumwachia avicheke vyama vyote isipokuwa kimoja. Mtazamaji huona ujasiri mwingi, na hauoni mpaka uliochorwa chini ya zulia. Hata Gado, ambaye kwa zaidi ya miaka 20 alichora katika gazeti kubwa la Nairobi, hakuongezewa mkataba mwaka 2016. Mwenye kalamu kali naye ana mwajiri.

Zaidi ya hayo, mchekeshaji ni raia kama sisi. Ana chama anachokipenda, ana kabila, ana marafiki, na pengine ana ndoto za uongozi. Mmoja wa wale vijana watatu wa Redykyulass, John Kiarie, alichaguliwa kuwa mbunge mwaka 2017. Hilo ni haki yake kamili, na hatusemi kwamba alikosea. Tunalitaja ili tukumbuke kwamba umbali kati ya jukwaa la vichekesho na jukwaa la kampeni ni mfupi, na kwamba msikilizaji anapaswa kujua ni jukwaa gani analolitazama.

Tena kuna tofauti moja kubwa kati ya mwandishi na mchekeshaji. Mwandishi akikosea, tunaweza kumdai asahihishe. Kuna Baraza la Vyombo vya Habari, na ndani yake kuna tume inayopokea malalamiko ya mwananchi yeyote. Mchekeshaji akiulizwa hujibu, "Mimi nilikuwa ninatania tu." Jibu hilo ni la haki kama kweli alitania. Lakini kama sisi tulilichukua neno lake kuwa habari, tukalipeleka katika mkutano wa jumuiya na kulitumia kumhukumu mtu, basi kosa ni letu. Chumvi ni kiungo kizuri, lakini hakuna mama anayewapakulia watoto sahani ya chumvi.

4. Mzaha mzaha hutunga usaha

Wahenga walisema hivyo, nasi tuna ushahidi wa karibu.

Mwezi Julai 1993 redio mpya iitwayo RTLM ilianza kusikika nchini Rwanda. Redio ya taifa ilikuwa rasmi na ya kuchosha. Hii mpya ilikuwa changamfu. Ilipiga muziki wa Kongo, watangazaji waliongea kama watu walioketi kilabuni, walitania, walicheka, waliwapa nafasi watu wa mtaani. Vijana waliipenda. Tunawaomba mlitafakari jambo hilo, maana mara nyingi tunadhani kwamba chuki huja na uso wa kutisha. Kule ilikuja ikichekesha. Katikati ya mizaha hiyo Watutsi waliitwa mende, na watu walizoea kulisikia neno hilo hata halikuwashtua tena. Magazeti ya chuki, likiwamo Kangura lililoanza mwaka 1990, yalichora vibonzo vya aibu vya waliohubiri maelewano. Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana alichorwa kwa namna ambayo hatuwezi kuieleza mbele ya watoto. Aliuawa tarehe 7 Aprili 1994, siku ya kwanza ya mauaji.

Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, watu wapatao 800,000 waliuawa katika siku zisizozidi mia moja na chache. Wengi waliuawa ndani ya makanisa walikokimbilia, kama kule Ntarama na Nyamata. Redio ile iliyochekesha ilikuwa sasa ikitaja majina ya watu na mahali walipojificha. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha, jirani zetu hapa, iliwatia hatiani waasisi wawili wa RTLM na mwenye gazeti la Kangura. Katika rufani ya mwaka 2007 adhabu zao zilipunguzwa, lakini hakuna aliyeachiliwa huru.

Tusiseme, "Hayo ni ya Rwanda." Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini mwetu, na mamia ya maelfu waliacha makwao. Tume hiyo ilitaja mchango wa baadhi ya redio za lugha za kienyeji, hasa vipindi vya kupiga simu, katika kuchochea hasira. Neno "madoadoa", ambalo lilitumiwa katika Bonde la Ufa kuwaita majirani wa kabila jingine, lilisikika katika mikutano, na wapo waliolicheka. Mwaka 2022 Tume ya Taifa ya Uwiano na Utangamano ililiweka katika orodha ya maneno ya chuki. Lakini kwa mama aliyechomewa nyumba, orodha hiyo ilichelewa sana.

Hapo ndipo tunapoona tofauti ya vicheko viwili. Mtu akimcheka waziri kwa sababu ameiba dawa za hospitali, anacheka tendo. Waziri anaweza kuacha kuiba, na kicheko kikaisha. Mtu akilicheka kabila kwa jinsi lilivyoumbwa, kwa pua yake, kwa lafudhi yake, kwa mila yake ya jando, hakuna tendo la kuacha. Anayechekwa hana njia ya kutoka, isipokuwa kutoweka.

5. Sheria ya watani

Je, basi tuache kabisa kutaniana? Hasha. Tungepoteza kitu kizuri tulichorithi. Jirani zetu wa Tanzania wana desturi ya utani wa jadi kati ya makabila, kama vile Wachaga na Wapare, au Wanyamwezi na Wazaramo. Mtani ana ruhusa ya kukutania maneno ambayo mwingine akiyasema mtapigana. Lakini ruhusa hiyo ina sheria zake. Utani ni wa pande zote mbili. Anayetania leo atataniwa kesho, wala hana haki ya kununa. Na palipo na msiba, mtani yuleyule anayekuja na mizaha ndiye anayeshika kazi za mazishi. Aliyekucheka ndiye atakayekubeba. Mahali ambapo mtu anakucheka, wala wewe huna nafasi ya kumjibu, wala yeye hatakuja kwenye msiba wako, hapo hapana utani. Pana matusi yaliyovaa nguo za utani.

Nasi tumewahi kuwa na mfano wetu. Marehemu Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu. Kwa miaka mingi aliigiza kama mzee wa Kijaluo aitwaye Ojwang, akapendwa na Wajaluo na Wakikuyu pia. Aliuvaa mwili wa jirani yake kwa upendo, hata watu wengi hawakujua kwamba hakuwa Mjaluo. Si kila anayeiga lafudhi ana moyo huo. Anayesikiliza kwa makini atatambua kama mwigizaji anampenda yule anayemwiga.

6. Tufanye nini?

Kwanza, tusikilize kwa vipimo. Tunapendekeza maswali manne ambayo kila familia inaweza kuyatumia mbele ya redio au televisheni. Anayechekwa ana nguvu, au ni mnyonge? Anachekwa kwa alilotenda, au kwa jinsi alivyozaliwa? Ni nani ambaye mchekeshaji huyu hamgusi kamwe? Na habari iliyo ndani ya kichekesho, je, tumeisikia mahali pengine panapoweza kuulizwa?

Pili, tusitegemee chombo kimoja. Tukio moja lisomwe katika magazeti mawili, na taarifa isikilizwe katika vituo viwili vyenye wenyewe tofauti. Palipo na uwezo mdogo, jumuiya inaweza kununua magazeti mawili kwa juma na kuyasoma pamoja baada ya sala. Tofauti zitakazoonekana zitafundisha kuliko hotuba hii.

Tatu, tumlinde mchekeshaji anayeonewa, hata kama hatukukipenda kichekesho chake. Kamati za Haki na Amani za parokia zijue jambo la kufanya mtu anapokamatwa: kuuliza yuko kituo gani, kumwita wakili, kuijulisha familia, kuandika tarehe na saa. Vilevile tusiogope kutumia sheria dhidi ya uchochezi wa kikabila. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inagusa hata michezo ya kuigiza na picha zinazochochea chuki. Lakini tuwe waangalifu: sheria hiyo iliwekwa kumlinda jirani, haikuwekwa kulinda heshima ya waziri.

Nne, na hili ni gumu zaidi, tujiangalie wenyewe. Nyani haoni kundule. Mara ngapi tumelaumu gazeti kwa kununuliwa, na Jumapili ileile tumemkalisha mwanasiasa kiti cha mbele kwa sababu ameleta mchango wa harambee? Mwezi Novemba 2024 Askofu Mkuu wa Nairobi alikataa fedha zilizotolewa na Rais katika kanisa la Soweto, na kuagiza zirudishwe. Wengine walishangaa. Lakini aliyepokea bahasha hawezi kumwambia mhariri asipokee bahasha. Na matangazo yetu ya Misa, magazeti yetu ya jimbo, redio zetu za Kanisa, je, yanatangaza na makosa yetu, au yanaanza kila siku na shughuli za wakubwa wetu, kama ile taarifa ya habari ya zamani?

Kadhalika tusidai kwamba Kanisa lisichekwe. Mwezi Juni 2024 marehemu Papa Fransisko aliwaalika Vatikano wachekeshaji zaidi ya mia moja kutoka nchi mbalimbali. Aliwaambia kwamba inawezekana kucheka hata mbele za Mungu, kama tunavyocheka na watu tunaowapenda, bila kuwaumiza waumini katika imani yao. Kama Mungu hakasiriki, mwenyekiti wa halmashauri ya parokia naye avumilie.

Ndugu wapendwa, uchaguzi hauko mbali kamwe katika nchi yetu; ukipita mmoja, kampeni za mwingine huanza. Tutachekeshwa sana. Tunawaomba msiwe watu wasiocheka, bali muwe watu wanaojua wanacheka pamoja na nani. Siku ile katika ua wa Pilato wengi walicheka kwa sababu tu wenzao walikuwa wakicheka, wala hawakujua ni nani aliyesimama mbele yao akiwa na taji ya miiba. Sisi tunajua. Tumeambiwa kwamba lolote tunalomtendea mmoja wa hao walio wadogo, twamtendea Yeye.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Taja kichekesho kimoja cha siasa kilichosikika katika mtaa wetu mwezi huu. Ni nani aliyechekwa? Je, kilikuwa kicheko cha Karmeli au kicheko cha askari?

2. Ni majina gani ya mzaha tunayowaita majirani wa makabila mengine tukiwa peke yetu? Je, tungeweza kuyatamka mbele yao, nao wakaturudishia yetu?

3. Chagueni tukio moja la juma hili. Magazeti au vituo viwili vimelieleza kwa tofauti gani, na ni nini ambacho vyote viwili vimekinyamazia?

4. Katika parokia yetu, ni jambo gani ambalo kila mtu analijua, na hakuna anayethubutu kulisema hata kwa mzaha? Tufanyeje ili liweze kusemwa kwa upendo?